Hodi Tatu Nilizozinyamazia

Kwanza, nyinyi mnaosoma hapa, mmepotelea wapi? Kila mmoja wenu ana bibi aliyemwacha barazani akiangalia njia. Simu mnazo, miguu mnayo, na hamfiki. Haya, nishawagombeza. Sogeeni sasa, wanangu.

Miaka yangu yapita themanini, naishi Kisauni, upande wa Mtopanga. Skuli sikuiona hata mlango. Anayeandika ni mjukuu wangu wa kike, muuguzi, nami nimemkataza kunipamba. Mwenye ukurasa, lifiche jina langu. Si kwamba nina heshima ya kulinda. Ni kwamba yule niliyemkosea hajaniruhusu kumtaja, na jina langu litamfichua. Nitamwita Mwanasiti.

Enzi za mwisho za Mwingereza nalikuwa mfagiaji katika hospitali ndogo ya wazazi, ng'ambo ya Likoni. Tukifagia, tukimwaga mabeseni, tukibadili mashuka. Sista wa zamu hakulitia jina langu kinywani miaka miwili. Aliniita Beseni. "Beseni, njoo! Beseni, wanuka, sogea kule!" Mbele ya wagonjwa. Nami nilikuwa na mtoto wa kulisha, basi naitika, "Abee, Sista," machozi nayameza.

Hata niliposhikishwa ukubwa wa wafagiaji, nilibaki Beseni. Na sheria ilikuwa hii: mfagiaji akiona jambo kwa mgonjwa, amwambie mkubwa wake, na mkubwa ndiye amwambie Sista.

Ndipo akaletwa Mwanasiti, kijana mbichi kutoka Mtongwe, binti wa mwalimu wa chuo cha Kurani. Siku ya kwanza Sista akamwita kwa jina lake. Kwa jina lake! Roho ikanigeuka. Badala ya kumchukia aliyenitukana, nikamchukia asiyetukanwa.

Juma lile lile akaingia chumba chetu cha mapumziko bila kungoja kuitikiwa, mikono imemjaa mashuka. Nikamwambia mbele ya wenzangu, "Kwenu hakuna mlango? Au baba'ko hufunza watoto wa watu tu?" Akatoka akilia. Toka siku hiyo akawa asimama nje ya pazia, abisha hodi. Nasi tukazua mchezo: hatuitiki. Yeye alilelewa kwamba hodi ni tatu, usipoitikiwa rudi ulikotoka. Basi abisha tatu, arudi, sisi twavunjika mbavu. "Mwalimu kamfunza vyema!" nasema mimi.

Siku moja, baada ya adhuhuri, tuko kwenye chai. "Hodi." Nikaweka kidole mdomoni. Mwenzangu ana mahamri kinywani, mabega yamcheza kwa kicheko. "Hodi, dada." Kimya. Ile ya tatu ilikuwa na kilio ndani yake. Niliisikia, wanangu. Wallahi niliisikia. Nikanywa chai.

Kumbe mzazi aliyejifungua asubuhi ile, kitanda cha dirishani, alikuwa avuja damu. Mwanasiti alipokosa jibu akakimbilia ng'ambo ya ua kumtafuta Sista mwenyewe. Waliporudi, mama wa watu ameshakata roho, na kitoto chake chalia pale kando.

"Mbona hukumwambia mkubwa wako?" Sista akauliza.

"Nilibisha, Sista. Mara tatu."

Sista akanigeukia. "Beseni, ulimsikia?"

"Sikusikia."

Akafukuzwa siku ile ile. Akanipita langoni, kanga zake kwapani, akasema polepole, "Dada, miguu yako niliiona chini ya pazia." Basi. Hakuongeza neno.

Bendera ikashuka, nyingine ikapanda, watu wakacheza ngoma. Yeye huko Mtongwe akapewa jina: yule aliyemwacha mzazi afe. Ameolewa nalo, amezeeka nalo, na wajukuu zake wamelisikia. Mimi nilijidanganya kwamba aliyeniharibu ni Sista. Kweli, alinitukana. Lakini mkono wa Sista haukuwa kwenye mdomo wangu siku ile.

Nimenyamaza umri wote. Mapema mwaka huu huyu mjukuu wangu akaja, acheka, anihadithia habari za mwenzao mgeni kazini. Akiingia, wote wageuka ukutani. Akiuliza la mgonjwa, wajifanya viziwi. Chai ikanipalia. Nikamweleza haya yote. Hapa ameacha kuandika, anitazama. Andika, mama. Andika na hilo lako la kazini. Nakupenda, na ndiyo maana silifuti.

Baada ya hapo nilikwenda Mtongwe, na miguu hii mibovu. Jirani akaniambia, "Yumo ndani, bibi, haendi popote siku hizi." Nikabisha. "Hodi, Mwanasiti. Ni mimi." Kimya. Nikabisha ya pili. Ya tatu sauti ikanikatika. Nikainamisha macho, nikaona miguu yake chini ya pazia, imevimba kama yangu. Haikutikisika. Nikarudi.

Nimekwenda tena na tena, hali ni hiyo hiyo. Simlaumu. Ninachotaka ni kusimama mbele ya wajukuu zake niseme, "Nilimsikia. Bibi yenu alibisha, nami nilimsikia." Nikiingia kwa nguvu, namvunjia mlango wake, namkosea mara ya pili. Nikingoja, mmoja wetu atafukiwa, na jina lile litabaki juu ya kaburi lake, si langu. Tumaini sina, nasema kweli. Nishaurini, wajukuu zangu, nifanye nini? Tena upesi, sina miaka ya kungojea.

Na wewe uliyemwacha bibi yako barazani, utakapokwenda, ukabisha mara tatu usiitikiwe, usijifanye una adabu ukarudi. Inua pazia, uingie.