Samaki wa Shemeji Omer

Kwa miaka tisa Basile alikuwa akibeba samaki kwa baisikeli kutoka Kalemie hadi Niemba, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kuongozana na mtu. Alikuwa akisema ile ni njia ya muntu mumoja. Lakini mwaka wa themanini na saba mke wake, Bibiane, alimwomba amsaidie kaka yake. Huyo kaka, Omer, alikuwa mpiga mashine ya kuandika katika biro moja ya serikali mjini, na mshahara ulikuwa haujaonekana tangu Pasaka. Alikuwa mtu wa kola safi na kucha zilizokatwa vizuri. Baisikeli aliizoea ya kwenda kanisani tu.

Jioni tatu mfululizo Basile alimfundisha jinsi ya kukaza gunia kwa kamba za mpira, jinsi ya kufunga fimbo kwenye usukani ili kusukuma mlimani, na jinsi ya kupunguza mwendo kwa kukandamiza gurudumu kwa kandambili. Akamwambia anunue samaki wa mikebuka kwa Mama Florentine, aliyekuwa akiwatia samaki wake chumvi hadi ndani ya tumbo na kuwaanika siku nne bila haraka.

Omer aliitikia yote, kisha akaenda kununua kwa mtu mwingine pale ufukweni, samaki walionyeshewa mvua, kwa sababu alipewa gunia lililojaa zaidi. Walipoondoka alfajiri Basile hakulijua hilo.

Asubuhi ilikwenda vizuri kuliko alivyotegemea. Omer aliyumba kwenye mchanga, akaanguka mara mbili, akainuka bila kulalamika. Basile alimtanguliza ili awe anamwona, na ndiyo sababu jua lilipopanda harufu ilimjia yeye usoni.

Kwanza alidhani kuna mnyama amekufa porini. Wakalipita pori lile, na harufu ikaenda nao. Ndipo alipoona maji ya rangi ya kahawa yakichuruzika chini ya gunia la Omer, yakishuka kwenye mnyororo, yakirushwa na gurudumu hadi mgongoni mwa shati lake. Nzi walikuwa wamelifunika gunia. Basile alifungua mdomo ili amwite shemeji yake asimame, na tone moja likamrukia kwenye ulimi. Aliiangusha baisikeli na mzigo wake, akatapika chai yote ya asubuhi kando ya njia.

Omer alifungua gunia. Samaki wa juu walikuwa bado na sura ya samaki. Wa chini walikuwa wamelegea, ngozi ikibandukia vidoleni, na matumboni mwao funza weupe walikuwa wakitembea polepole kama watu walio kwao.

“Tupa,” Basile akasema.

“Yote?”

“Yote. Hii si chakula tena.”

Omer alianza kueleza habari za nyumbani kwake, watoto, minerval, ile ada ya shule. Basile alimwonyesha kijito kilichokuwa chini ya kilima, akamwambia akaoge na arudi bila kile kitu. Yeye alibaki juu akiziba gurudumu lake lililochomwa na mwiba.

Omer alikaa huko muda mrefu. Aliporudi, gunia lilikuwa limepungua nusu, limesuguliwa, likinuka majivu na pilipili alivyookota kwenye shamba la kando ya kijito. Alisema ametupa wabovu na kubakiza wazuri.

Basile alijua kwamba hakutupa wote waliooza. Ilikuwa kazi ndogo tu kufungua lile gunia na kuangalia. Lakini ladha ya lile tone haikuwa imetoka ulimini, na nusu ya njia ilikuwa bado mbele yao. Hakufungua. Safari hii alitangulia yeye, ili upepo usimletee kitu.

Waliingia Niemba jua likiwa linazama. Apollinaire, mkulima aliyezoea kumlaza Basile kwake, alimpa maji nyuma ya nyumba, naye akaoga mwili mzima, akasukutua kinywa mara tatu. Alipotoka, Omer alikuwa akikunja gunia tupu. Alikuwa amewauzia akina mama waliotoka shambani, karibu na reli, saa ile ambayo macho hayatofautishi vizuri rangi. Wa kwanza, alisema, ni Mama Emilie wa nyumba ya tatu, aliyechukua fungu kubwa.

Basile alifungua mzigo wake, akachagua samaki wanne, akawafunga kwenye jani la mgomba, akaenda nyumba ya tatu.

Chungu kilikuwa motoni tayari. Watoto watano walikuwa wamekizunguka, na mvuke ulinuka vilevile kama asubuhi, pilipili ikiwa juu yake. Basile alisema kwa aibu kwamba samaki wale wameoza, aliyewauza ni shemeji yake, na kwamba Mama awamwage apokee hawa wazima.

Mama Emilie aliendelea kukoroga. “Papa, unafikiri sisi hatuna pua?”

“Sikusema vile, Mama.”

“Nilisikia harufu mbele ya shemeji yako kushusha gunia. Samaki yako ninaijua, njo nzuri, lakini inanishinda bei. Hii nimechemsha mara mbili, nimemwaga maji. Batoto watakula.”

Aliwapokea wale wanne bila kushukuru, akawatundika juu ya moshi kwa siku nyingine. Chungu hakukimwaga. Mtoto mdogo alichovya tonge lake la bukari, akameza, akachovya tena. Basile alimtazama mpaka akaona haya kusimama pale.

Njiani alitema mate, akatema tena. Hakujua anamtemea nani, Omer au yeye mwenyewe, aliyesindikiza gunia lile nusu siku nzima bila kulifungua. Kwa Apollinaire alimkuta Omer akila maharage kwa hamu, mikono yake bado ina harufu. Basile hakugusa chakula.

“Kesho utarudi peke yako,” alimwambia. “Njia umeijua.”

Omer aliuliza kosa ni gani, ikiwa samaki wamenunuliwa na wamekwisha. Basile alijilaza, akageukia ukuta.

Safari iliyofuata aliambiwa kwamba mtoto mmoja wa Mama Emilie alihara siku mbili, kisha akapona. Omer alibeba samaki misimu miwili, mpaka biro ilipomwita tena, na katika muda huo wote, yeye na Basile walikutana kanisani tu. Bibiane alimwuliza mumewe mara moja kilichotokea. Alimjibu kwamba kaka yake ana miguu mizuri.

Basile aliendelea na kazi. Lakini tangu siku ile akina mama wa Niemba walimwambia yeye pia afungue gunia hadi chini kabla ya kuanza kuchagua. Hakubishana nao. Alifungua, akasimama kando, akaangalia upande wa reli mpaka walipomaliza.