Silikoni Chini ya Zulia

Osundwa hakuwa mtu wa kutulia hata siku njema, lakini Jumatano hiyo ya mwaka 1994 alihangaika kama kuku anayetafuta pa kutagia. Aliizunguka ile Pijo 404 mara ya kumi, akachungulia ndani, akatoka, akaenda kunawa mikono aliyokwisha kuinawa.

Gari lilikuwa la Sista Muhonja, muuguzi mjane wa Malinya, ambaye kwa gari hilo aliwakimbiza wajawazito hadi hospitali ya Kakamega. Sista alikuwa amemletea Osundwa gari pamoja na mabati mapya ya sakafu, maana ya zamani yaliliwa na kutu mpaka ukiwa ndani unaiona barabara. Osundwa akabandua zulia. Lo! Kwenye kila ungio palikuwa na mstari wa silikoni uliolainishwa kwa kidole, na katikati ya mstari mfereji mwembamba. Aligeuza kidole gumba chake cha kulia akaangalia lile kovu la msumeno. Hakuna fundi mwingine Kakamega nzima aliyekuwa na kidole hicho.

Basi ni yeye! Miaka sita nyuma, akiwa fundi mchanga mwenye maneno mengi, aliliziba gari hili, likiwa bado la mume wa Sista, kwa silikoni ya vioo vya madirisha. Ilipokuwa mbichi ilinuka siki, naye, maskini, akadhani hiyo ndiyo harufu ya kitu cha maana. Siki hiyo ilikuwa ikitafuna bati chini kwa chini huku juu kunapendeza.

"Mwekee ileile," alisema Phineas, fundi mwenzake kibandani. "Inakauka leo. Kesho asubuhi mama anachukua gari lake, kwisha maneno."

Huo ndio uliokuwa mtindo wao pale. Mvua ya Kakamega ni ya alasiri, kwa hiyo gari walilikabidhi asubuhi. Likivuja, livujie kwa mwenyewe.

"Mimi nataka ile sila ya kahawia ya Kisumu, ya kuzibia maungio ya magari," Osundwa alisema. "Haili bati, na rangi inaikubali. Lakini inataka siku mbili kukauka."

"Na mama akiuliza mbona unachelewa?"

Hapo ndipo palipomkosesha raha. Sista Muhonja alijulikana Ikolomani yote, na fundi wa bodi anakula kwa midomo ya watu. Mama huyo akisema neno moja tu, nani atamletea gari tena?

Hata hivyo alikwangua silikoni yote, akachomelea mabati, akapaka rangi ya kwanza dhidi ya kutu, kisha akafuata maungio yote kwa ile sila. Mstari ulipopinda, akaufuta akaanza upya.

Alhamisi asubuhi Sista akafika, mkoba begani. "Fundi, liko tayari?"

"Bado, Sista." Akamwonyesha sakafu. "Ile kutu ni mimi. Niliziba na dawa ya vioo, ikala bati. Wewe hukukosa kitu, na gari halikuwa na ubaya wowote."

"Ati nini?" Sauti ilipanda mpaka Phineas akajificha nyuma ya boneti. "Mtoto wa watu amezaliwa humo ndani, Osundwa! Blanketi limelowa maji chapachapa! Na wewe ulikuwa unajua?"

"Nimejua jana, Sista. Haki ya Mungu."

Aliondoka bila kuaga. Osundwa hakulala vizuri, na Ijumaa alikuwa kibandani kabla ya jogoo kunyamaza, akibonyeza sila kwa ukucha. Ilikuwa imeshika. Sista alirudi saa nne, akaomba ufunguo.

"Hapana," alisema Osundwa. "Ngojea mvua inyeshe."

Phineas aliguna. Sista akavuta debe, akakaa. Saa saba, saa nane, mbingu kavu! Osundwa akawa anatoka kuangalia mawingu kila dakika. Saa tisa mvua ikamwagika yote kwa mara moja. Mafundi wakalisukuma gari nje, Sista akaingia, akavua viatu, akakanyaga sakafu kwa nyayo tupu huku maji yakipiga juu na kutiririka chini. Alikaa hivyo muda mrefu.

"Pakavu," alisema.

Osundwa akashusha pumzi. Lakini Sista hakuwa akimwambia yeye. Alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, machozi yanamtoka.

"Miaka yote hii nimekuwa nikimlaumu marehemu mume wangu," alisema, "kwamba aliniachia gari bovu. Isaiah, baba, nisamehe."