Jina la Kemunto Kwenye Skrini

Nakumbuka mchana mmoja wa ukungu, mwanangu, ambao hata leo nikiusimulia mwili hunisisimka. Nilikuwa fundi kijana wa mtandao katika hospitali moja ndogo kwenye vilima vya Nyamira. Maabara ilikuwa chini, wodi ya akina mama juu, na waya mmoja uliunganisha kompyuta za pande hizo mbili.

Wiki hiyo nilikuwa nimeweka kadi mpya ya mtandao kwenye kompyuta ya maabara. Kila kipande cha taarifa kinachosafiri hupigwa muhuri wa tarakimu, ili anayepokea ajue hakikuharibika. Awali muhuri huo ulipigwa na kompyuta yenyewe. Mimi nikaikabidhi kadi kazi hiyo. Kompyuta ikawa nyepesi, watu wakanisifu, nami kichwa kikavimba.

Siku ya tatu nesi Nyaboke akanipigia simu. "Panda huku. Sasa hivi."

Nilimkuta amesimama mbali na skrini, wenzake wamerudi nyuma hadi mlangoni. Kwenye kitanda cha sita alilala Moraa, aliyetoka kujifungua na kupoteza damu nyingi. Lakini skrini ilisema Kemunto. Na Kemunto alikuwa amefia kwenye kitanda hichohicho jana yake.

Nyaboke akafungua ukurasa upya. Jina la Moraa likarudi, na kundi la damu B. Akafungua tena: Kemunto, na chini yake maneno "anasubiri majibu". Ukungu ulikuwa umeziba madirisha.

"Amerudi kuulizia majibu yake," mmoja akanong'ona.

"Ni mashine tu," nikasema. "Kadi imeshakagua. Mpeni hiyo damu ya B."

Naona aibu kukuambia kwamba nilisema hivyo. Nyaboke alishuka kwa miguu hadi maabara, akasoma daftari la mkono. Moraa alikuwa kundi O. B ilikuwa ya Kemunto, na ingemuua Moraa.

Mzee Ombati, fundi mkuu, mtu wa Marani aliyenifundisha kazi, akaja akaketi kando yangu mbele ya kompyuta ya maabara.

"Muhuri anapiga nani?"

"Kadi."

"Na kadi inaangaliwa na nani, kijana wangu?"

Nikamsogezea kibodi.

Akairudishia kompyuta ile kazi. Papo hapo vipande vikaanza kukataliwa kule wodini, kimoja baada ya kingine. Kadi ilikuwa mbovu: ilichanganya taarifa mpya na mabaki ya jana, kisha ikaupigia mchanganyiko huo muhuri kwamba ni safi. Tukaing'oa. Moraa akapewa damu ya kundi lake, akapona.

Lakini yale maneno "anasubiri majibu" hayakunitoka. Nikashuka maabara. Majibu ya Kemunto yalikuwepo kweli, hayajachukuliwa na mtu. Mzee Ombati akanituma pamoja na Nyaboke tuyapeleke kwa mama yake, kijijini Magwagwa. Mama yule aliipokea bahasha kwa mikono miwili, akaniangalia usoni.

"Ni Kemunto aliyekutuma?"

Mwanangu, mpaka leo sijapata jibu la kumpa.

Wewe unazikabidhi mashine kazi nzito kuliko zile za kwetu. Zikabidhi, si vibaya. Lakini ukishakabidhi, weka njia nyingine ya kuhakikisha, kwa maana atakayeulizwa ni wewe. Na mtu akikuambia ameona jambo lisilo la kawaida, usimcheke. Nenda ukaangalie.

Mungu aibariki mikono yako, na kila atakayelala akitegemea kazi yako aamke salama.