Goti Lililosifiwa

Mishi wa Majengo, Thika, alisimama kwenye mashine za nyuzi huko Eneo la Viwanda miaka nenda miaka rudi, mpaka goti lake la kulia likagoma. Mwaka 1996, katika hospitali moja ya Ruiru, likatolewa akawekewa la chuma. Kilichomkera kuliko maumivu yenyewe ni kuswali kwenye kiti. Alitaka kusujudu tena, paji la uso liguse mkeka, na daktari alimwambia huenda akaweza.

Kila aliporudi kliniki, binti mpole wa tiba ya viungo aitwaye Aketch alimkunja goti, akalipima kwa kifaa, kisha akamuuliza: analala? Anapanda ngazi? Maumivu yakoje? Basi Mishi, kwa wema wake uliopita kiasi, akaamini kwamba anayefanyiwa mtihani ni yule binti. Wakubwa wake wangesema nini wakisikia mgonjwa wake analalamika? Tena watu wamekupa mguu, halafu uwalipe manung'uniko? Kwa hiyo alimeza dawa za maumivu pale langoni, akaingia akitabasamu. Analala fofofo. Ngazi anapanda. Alhamdulillahi.

Aketch alifurahi mno, akawa anawaita wagonjwa wengine waje wamwone. Nyumbani, dawa zikiisha nguvu, goti lilivimba, likachoma kama sufuria iliyotoka jikoni. Bintiye Safaa alipotaka kwenda kusema ukweli, alinyamazishwa, asimharibie mtoto wa watu kazi.

Homa ilipomwangusha, usaha ulikuwa umefika kwenye mfupa. Chuma kikatolewa, mifupa ikaunganishwa, na mguu ukabaki umenyooka, usikunjike tena maishani. Daktari alisema wangeambiwa mapema wangelifungua goti na kuliosha usaha, pengine wakaliokoa.

Aketch alikuja akaketi kando ya kitanda, macho mekundu.

"Mama, mbona hukuniambia unaumia?"

"Nilikuwa naona vile unafurahi. Nikaogopa watakufuta kazi."

"Hakuna mtu angenifuta, mama. Nilikuwa nakuuliza ndio tukutibu."

Ilimwingia Mishi polepole, na ilimuuma kuliko kidonda. Akauliza, kwa sauti ndogo, kama hakuna goti lingine la kumwekea. Aketch akatikisa kichwa, akaangua kilio, na Mishi, ambaye hatasujudu tena, ndiye aliyembembeleza.