Mikono ya Wamama wa Maombi

Malaria ya binti yangu ilipona. Nalisema hilo kwanza, maana watu wa kambi ya wakimbizi ya Nakivale mpaka leo husema alikufa kwa malaria, nami nimechoka kubishana nao. Tulipelekwa hospitali ya Mbarara akiwa hajitambui. Dripu ikamrudishia macho, akaanza kudai uji, na ule wa hospitali akaukataa. Daktari akasema tungoje kidogo, tutarudi kambini.

Katika kungoja huko ndipo walipofika wamama wa maombi wa kanisa letu. Sisi watu wa Kivu ya Kusini, Kongo, hatuombei mgonjwa kwa mbali; asipowekewa mkono, huona hajaombewa. Walianzia kitanda cha mlangoni, kwa mtoto mwenye jipu lililokuwa likitoa usaha, wakaja kitanda kwa kitanda. Bomba la wodi lilikuwa kavu tangu tufike. Muuguzi aliwaona, akapita zake na glovu zilezile alizomshikia mwenye jipu. Zilimkinga yeye, si watoto. Kiongozi wao alikamata mkono wa binti yangu palepale penye sindano ya dripu, akaubana kwa imani yake yote.

Kwenye kitanda cha jirani alikuwepo mke wa askari wa Uganda, na mtoto mwenye dripu kama wangu. Alisimama akawazibia njia.

"Mama, hapana gusa mtoto yangu," alisema. "Omba na mdomo tu."

"Tunamuombea, hatumufanye mubaya," kiongozi akajibu. Kisha akaninong'oneza, "Huyu hana imani."

Wakaomba kwa mdomo, shingo upande.

Haukupita muda mkono wa binti yangu ukavimba, homa ikarudi. Daktari akasema malaria haipo tena. Bakteria wameingilia kwenye sindano, wa humu humu wodini, na dawa zilizopo haziwawezi. Kikulacho ki nguoni mwako. Nililichukia bomba, nilizichukia glovu, lakini mikono ile niliichukia zaidi, kwa sababu ilikuja kwa upendo. Binti yangu alikufa asubuhi, wenzake wakinywa chai. Mke wa askari ndiye aliyenifunga kitenge kiunoni, maana vidole vyangu vilikataa. Siku ileile mtoto wake aliruhusiwa kwenda nyumbani, na habari hiyo niliwapa wamama mimi mwenyewe, msibani.

Jumapili waliniketisha mbele kanisani. Kiongozi akasimama kutoa ushuhuda.

"Tuliombea batoto mingi kule Mbarara," alisema. "Hata mutoto wa mwanajeshi, mwenye mama yake alitukataza, Mungu alimuponyesha."

Watu wakapiga makofi. Nikasimama.

"Yule ndiye mwenye hamukumugusa," nikasema.

Makofi yakakoma. Kiongozi alinitazama, akafumba macho, akaanzisha wimbo, na kanisa zima likamwitikia mpaka nikaketi.