Betri Iliyotaka Joto

Kaka yangu Chome ametengeneza betri hapa Vanga miaka kumi na minane, na kwake yeye adui ni mmoja tu: joto. Ameziona betri za pikipiki zikifura na kuwaka. Kwa hiyo kila betri anayoipokea huiweka kivulini, akaifunika gunia lililoloweshwa maji, na usimwambie kitu.

Mwaka huu wakaja watu wa utafiti pamoja na injinia wao, Japheth, wakatupatia betri ya majaribio kwa mashine ya oksijeni ya mama yetu mgonjwa, isizime umeme ukikatika. Japheth alitueleza kwamba haina maji ndani; ina utando mgumu wa plastiki, hailipuki ovyo. Lakini utando huo hupitisha umeme ukiwa moto tu, basi kuna kipasha joto ndani, na kisizimwe abadan. Chome akaitikia kwa kichwa. Wallahi aliitikia, nami nilikuwepo!

Siku ya tatu akaligusa kasha la betri, akashtuka, akaniambia: "Twaiba, hii itatuunguza sote na mama ndani." Akazima swichi ya joto, akatandika gunia juu. Na mimi, mjinga mkubwa, nikamletea maji ya kulilowesha.

Jumanne saa tatu asubuhi umeme ukakatika. Mashine ikanyamaza. Kioo cha betri kilionyesha imejaa kabisa, lakini haikutoa kitu, hata cha kuwasha kipasha joto chake. Chome akampigia Japheth simu.

"Umeipoza? Ipashe joto polepole, fundi. Itachukua saa sita."

Saa sita! Mama alikuwa ameketi kitandani, ameshika ukingo kwa mikono miwili, anaitafuta pumzi. Gari tuliloliita limpeleke hospitali ya Msambweni lilikuwa limekwama matopeni. Tukaizungushia betri magaloni ya maji moto na mablanketi yote ya nyumba. Chome, fundi anayetegemewa na mji mzima, akabaki kuipapasa kama mtoto mwenye homa. "Nisamehe, mama," alisema, tena na tena. Mama alimtazama, akaendelea kuivuta pumzi. Sijapata kujiona mnyonge kama siku ile.

Alifariki saa saba u nusu, mkono wake mkononi mwangu.

Alasiri, tulipokuwa tumekwisha kumfunika, betri ikawa imepata joto lake, mashine ikaanza kuvuma yenyewe. Mpira wake wa kupitishia hewa ulikuwa sakafuni, unapuliza. Chome aliketi akiusikiliza, na hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kumwambia aizime.