Kila Tukivuka Mpaka kwa Ajili ya Goti Langu, Naambiwa Bado

Mwenye ukurasa, jina langu lifiche kabisa, maana huku kwetu siku hizi neno moja tu linakupandisha gari la wanajeshi. Mimi ni mjane wa miaka hamsini na nane, mkulima wa upande wa Tororo, Uganda. Shule niliishia darasa la tatu, lakini wanangu wote wamesoma, na kifungua mimba wangu anaendesha gari lake mwenyewe. Wakati huu ambapo sukari imeadimika kama dawa, kwangu chai ni tamu. Nani mwingine amezaa hivyo?

Goti langu la kulia limekwisha. Kanisani wenzangu wakipiga magoti, mimi nabaki wima kama mlingoti. Mwanangu akasema, "Mama, ng'ambo ya Busia, upande wa Kenya, kuna daktari mgeni anayeweka goti la chuma. Nitakupeleka." Nikatangazia kijiji kizima! Akanishonea na mto mkubwa wa kuegemezea mguu garini. Kwenye kizuizi cha mpakani askari wakiona bandeji gotini wanasema, "Pole mama, piteni." Hata mlango hawafungui.

Daktari anaongea Kiingereza tu, mwanangu ananitafsiria. Kwanza jino langu bovu ling'olewe, usaha usije ukashambulia chuma. Nikang'oa. Tuliporudi, ati damu yangu ni kidogo. Nikala maini na mboga za dodo, mchicha wetu, mpaka nikachoka. Tena tukarudi, ati nipungue mwili. Nile au nisile? Nikafuata tu, kijana wangu ndiye anayejua.

Basi jirani yangu Mama Hadija, muuza sabuni, alikuja kunijulia hali akaketi karibu na ule mto. Akacheka, "We mama, mbona mguu wako unanukia kahawa?" Nikamjibu kwa ukali, nikijua ni wivu. Alipoondoka nikajaribu kuuinua ule mto. Mzito kama mtoto wa kutambaa! Na tukitoka Kenya huwa mwepesi.

Safari ya mwisho mwanangu alitoka nje kidogo, nesi akaniambia kwa Kiswahili, "Mama, leo utakubali kulazwa? Kijana wako anasema kila mara unaogopa kisu."

Mimi? Niliyezaa watoto saba nyumbani bila kupiga kelele? Kabla sijajibu, mwanangu akaingia akanishika mkono. "Twende mama. Daktari amesema bado."

Njiani nilimtazama sana. Nikamwambia, "Baba, mimi siogopi kulala hospitali."

Akakaza macho barabarani. "Ukilala huko, mimi nitarudi na nani?"

Mpaka leo sijui kama alisema hivyo kwa kunipenda au kwa sababu ya wale askari. Huku kwetu mtu wa magendo ya kahawa hafikishwi kortini. Mama yake haonyeshwi hata kaburi. Nikimwambia nesi anilaze, mwanangu atapita kizuizini peke yake. Nikinyamaza, iko siku askari mmoja atataka kuushika ule mto. Na nikimuuliza wazi akanijibu ukweli, nitauficha wapi siku wakinihoji?

Alhamisi anakuja kunichukua. Wazazi wenzangu mnaosoma hapa, nishikeni mkono: nipande gari, au nimdanganye kwamba goti limepona, nitembee mbele yake bila fimbo mpaka aamini?